Nchi Nzima Inauliza Yuko Wapi Mfaume

Kuna nchi moja, usiniulize iko upande gani wa ramani, kwa sababu ramani zenyewe zilishapigwa marufuku kwa kosa la kuionyesha ndogo. Mimi simsemi mtu. Nasimulia tu nilivyosimuliwa, na aliyenisimulia alikuwa akitupa jicho mlangoni kila akimeza mate.

Katika nchi hiyo Mtukufu Kiongozi alikuwa na ada ya kulihutubia taifa kila mwaka, siku ya sherehe za mavuno, mavuno yawepo yasiwepo. Mwaka huo alipanda jukwaani, akajikohoza, akainua mkono, akasema: "Wananchi wenzangu, leo ninawaahidi kwamba kabla mwaka huu haujakwisha nitawapatieni..." Hapo spika zikazima. Midomo ya Mtukufu iliendelea kucheza, mkono ukapanda ukashuka, mawaziri waliokaa karibu wakatokwa machozi ya furaha, lakini umma uliojaa uwanjani haukusikia hata silabi. Mkuu wa Itifaki alikuwa ameukanyaga waya kwa kiatu chake kipya akauchomoa. Watu walimwona kwa macho yao. Hata yeye mwenyewe alijiona.

Mpaka leo hakuna ajuaye waliahidiwa nini. Watu wa kaskazini walishikilia kuwa ni maji, wa kusini wakashikilia kuwa ni barabara, na mwezi uliofuata Wizara ya Furaha ya Taifa ikapokea shukrani za vyote viwili. Lakini ahadi ilikuwa imeliwa, na ikiliwa ahadi lazima apatikane mlaji. Wakamkamata fundi wa spika.

Fundi mwenyewe alikuwa kijana mwembamba, mcheshi, jina lake Mfaume. Mji mzima ulimjua kwa mchezo wake mmoja. Kabla ya shughuli yoyote, iwe harusi iwe hitima, alishika kipaza sauti akakijaribu hivi: "Moja, mbili... tatu iko njiani." Watu walicheka kila mara, ingawa walishausikia mchezo huo tangu hajaota ndevu. Siku hiyo dada yake, Sikudhani, alikuwa amemletea wali wake wa mchana getini, na alifika wakati wanaume wanne wenye suti za rangi moja wakimwingiza kwenye gari lisilo na namba. Mfaume hakupiga kelele. Alitoa mkono dirishani akampa kifaa alichokuwa nacho. "Dada, nishikie bisibisi," akasema, "narudi sasa hivi."

Sikudhani akabaki na wali mkono mmoja na bisibisi mkono wa pili. Huyo mdogo wake, yeye Sikudhani ndiye aliyekuwa amembeba mgongoni, alikuwa amemfundisha kuvaa viatu, na alikuwa amempiga makofi siku alipofungua redio ya baba yao aone msomaji wa taarifa ya habari kajificha wapi. Alisubiri mpaka wafagiaji wakamaliza kufagia uwanja. Sasa hivi ile haikufika.

* * *

Kulipokucha alikwenda polisi. Polisi wakamwelekeza magereza, magereza wakamwelekeza hospitali, na hospitali wakamtazama juu mpaka chini wakamwambia, "Dada, mbona wewe mzima? Nenda Idara ya Vilivyopotea."

Idara ya Vilivyopotea ilikuwa chumba kilichojaa miavuli, viatu vya mguu mmoja mmoja, na mbuzi aliyefungwa kwenye mguu wa meza. Karani alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyomshukia puani.

"Umepoteza nini, mwanangu?"

"Mdogo wangu."

"Ana pembe?"

"Ni mtu, mama!"

"Sasa kelele za nini? Nauliza kwa utaratibu." Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga. "Mwanangu, hapa hatupokei watu. Katika nchi yetu watu hawapotei. Wapo wale ambao hawaonekani tu, na hao wana idara yao."

"Iko wapi hiyo idara?"

"Nayo haionekani," akasema yule mama, na kwa kweli alisema kwa huruma.

Sikudhani alirudi nyumbani akamkuta mama yao, Bi Hadia, amekaa kwenye mkeka akilia bila sauti. Alikuwa amejifunza kulia hivyo kwa siku moja tu, kwa sababu ya jirani wa upande wa pili, ambaye alikuwa na masikio marefu na shemeji serikalini. Sikudhani akakaa karibu yake, akajiuliza moyoni mtu afanye nini katika nchi ambayo hata kilio kinafichwa.

* * *

Sasa, Sikudhani alikuwa na gitaa. Lilikuwa gitaa la umeme, chakavu, na kikuza sauti chake Mfaume alikuwa amekitengeneza kutokana na ile ile redio ya baba aliyoiharibu utotoni. Tena alikuwa na rafiki, Chande, mpiga dramu asiye na dramu. Chande alikuwa na ngoma moja ya kweli, tasa la shaba, na ndoo mbili za plastiki. Mchana aliuza magodoro katika duka la mjomba wake, na kila godoro alilomwonyesha mteja alilipiga kwanza kwa viganja, kwa hiyo wateja walinunua na kucheza papo hapo.

Wawili hao walipenda roki, muziki ambao Wizara ilikuwa bado haijaamua kama upo. Hawakuwa na kampuni, hawakuwa na meneja, mdhamini ndiyo usiseme. Sikudhani alipomwambia Chande anataka kutoa albamu, nyimbo tisa, zote zimuulizie Mfaume, Chande aliweka ndoo zake chini.

"Watatuchukua, Siku."

"Nikichukuliwa huenda wakanipeleka aliko."

"Na mimi je?"

"Wewe utanisindikiza."

"Haya," akasema Chande. "Ila mjomba asijue."

Walirekodia katika stoo ya duka, magodoro yamesimamishwa pande zote ili sauti isitoke nje. Joto lilikuwa la tanuri. Ndiyo sababu walijiita Magodoro Mawili. Sikudhani alipokosa kitu cha kutelezesha juu ya nyuzi alitoa ile bisibisi mfukoni akaiburuza, na gitaa likatoa sauti ambayo Chande alisimamisha mikono aisikilize. Lililia bila haya, kilio kile ambacho Bi Hadia alikuwa akikimeza. Maneno ya wimbo mkuu yalikuwa machache:

*Alisema narudi sasa hivi,*
*sasa hivi imekwisha.*
*Mfaume yuko wapi?*

Albamu ilipokamilika Chande aliinakili kwenye vijiflashi akavishonea ndani ya mito ya kulalia. Mteja mmoja akamwambia mwenzake, na mwenzake akamwambia bawabu wa msikitini. Mji ambao watu wake walikuwa hawapati usingizi kwa miaka ukaanza kununua mito kwa fujo. Watu walifunga milango, wakasikiliza. Na jambo moja wale wawili hawakulitegemea: kila nyumba ilibadilisha jina. Nyumba moja iliimba Salehe yuko wapi, ya pili Mwalimu Ngoda yuko wapi, na bibi mmoja wa mtaa wa nyuma, ambaye watu walidhani hakuwahi kuzaa, aliimba majina matatu. Sikudhani alipita uchochoroni akayasikia majina hayo yakitoka chini ya milango, akashika ukuta. Kumbe walikuwa wengi kiasi hicho.

* * *

Basi wakasubiri kukamatwa. Chande alitembea na mswaki mfukoni. Mjomba wake, ambaye sasa alikuwa ameshajua, alihamia kwa mke mdogo akasema anaumwa mgongo, mwuza magodoro mzima.

Gari likaja kweli, lakini lilikuwa na namba, tena na bendera. Akashuka Mheshimiwa Profesa Daktari Bungara, Waziri wa Furaha ya Taifa, mtu mnene mwenye kicheko cha kuajiriwa, na nyuma yake wapiga picha. Akamkumbatia Sikudhani mbele ya kamera mpaka bisibisi ikamchoma tumboni. Kisha akawageukia wanahabari.

"Ndugu zangu! Wapo wapotoshaji wanaosema albamu hii inauliza swali. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi nitawaambia kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Mfaume ni nani? Mfaume ni maendeleo! Yuko wapi? Yuko mbele! Ametutangulia kwa kasi kubwa mno hata macho yetu hayamwoni! Dada huyu anauliza kwa bashasha, kama watu wanavyouliza harusini: jamani, bwana harusi yuko wapi? Serikali imeisikiliza albamu hii kuanzia mwanzo hadi mwisho, imefurahi, na kuanzia leo itaifurahia rasmi!"

"Mheshimiwa," Sikudhani akasema, "Mfaume ni mdogo wangu. Mlimchukua siku ya hotuba."

"Mnasikia?" Waziri akapiga kelele kwa furaha. "Anasema maendeleo ni ndugu yake wa damu! Hebu andikeni hiyo!"

Wakaandika. Kesho yake ilikuwa ukurasa wa mbele.

"Siku, tumeokoka," Chande akamnong'oneza gari lilipoondoka. Mswaki bado ulikuwa mfukoni mwake.

"Tumeokoka sisi," Sikudhani akajibu.

Tangu siku hiyo albamu ilipokelewa kwa namna ambayo, Mungu niepushe, sikutakii wewe wala adui yako. Redio ya taifa ililia *yuko wapi* alfajiri, adhuhuri na jioni. Jeshi liliupiga wimbo mkuu kwa tarumbeta. Maharusi waliingia ukumbini kwa wimbo huo. Wahakiki wa Chuo Kikuu waliokuwa wameonja posho wakatoa makala kwamba ndoo mbili za Chande zinawakilisha mihimili ya dola, na alipoulizwa mhimili wa tatu uko wapi, mhakiki mkuu alisema swali hilo liko nje ya muziki. Wizara ikagawa bisibisi za plastiki ili wananchi wazipunge wakati wa kiitikio. Na zile nyumba zilizokuwa zikiimba majina yao chini ya mlango? Zilinyamaza. Nani ataimba Salehe wakati polisi wa zamu amesimama dirishani anaimba Mfaume kwa hisia?

Kilio cha samaki, machozi huenda na maji. Sikudhani alipiga kelele yake yote, nao wakaidaka, wakaipaka sukari, wakamrudishia aicheze.

Hata hivyo alikubali kila mwaliko, kwa sababu moja tu. Alijua mwishowe ataitwa Ikulu, na Ikulu atamwuliza Mtukufu mwenyewe.

Akaitwa. Zulia jekundu, maua, mawaziri wamepangwa kwa vyeo. Akaimba, na bisibisi ililia pale kuliko ilivyowahi kulia. Alipomaliza, Mtukufu Kiongozi alikuwa analia. Mtu wa leso akamfuta. Mawaziri wakalia kwa kufuata vyeo, naibu hakumtangulia waziri.

"Binti yangu," Mtukufu akasema, "umenigusa. Hata mimi nikiwa peke yangu hujiuliza, yuko wapi?"

"Mtukufu, yuko kwako! Watu wako ndio waliom..."

Mkuu wa Itifaki, mwenye kile kiatu, akatoa ishara, na bendi ya shaba ikaanza. Sikudhani alisema yote. Alisema jina, siku, gari na suti, alisema mpaka sauti ikakauka, na Mtukufu alitikisa kichwa kwa upendo kwa kila neno ambalo hakulisikia. Kisha akamkabidhi tuzo: kipaza sauti cha dhahabu, kizuri sana, kisichotoa sauti.

* * *

Wiki ile ile mtu mmoja mrefu alikuja dukani, akachagua mto ghali kuliko yote, akaomba Sikudhani atie sahihi. Alijitambulisha kuwa ni Afande Kipande, naibu mkuu wa gereza ambalo hakutaja jina.

"Mto wa binti yangu," akasema kwa haya. "Sisi nyumbani ni mashabiki wako wakubwa. Mimi wimbo wa tano unaniliza kila siku."

Sikudhani aliweka kalamu chini. "Afande. Unamjua Mfaume?"

"Nisimjue vipi? Mzima, anakula. Alinitengenezea redio yangu, na ndiyo ninayokusikilizia wewe." Akaangalia pembeni, akashusha sauti. "Tena ngoja nikwambie, dada yangu, kwa kuwa nakupenda. Alikuwa kwenye msamaha wa sikukuu. Tulishamrudishia viatu vyake. Alikuwa amekaa benchini, kavaa, anasubiri geti lifunguliwe. Ndipo albamu ikatoka."

"Ndipo nini?"

"Albamu ikatoka! Wizara ikaifanya turathi ya taifa. Sasa turathi inasema hajulikani alipo. Tukimwachia, si turathi itakuwa imesema uongo? Watoto wa darasa la tatu wanaifanyia mtihani. Swali la nne: Mfaume yuko wapi? Jibu sahihi: Hajulikani. Akitokea mtaani ananunua nyanya, hao watoto tuwaambie nini? Tuliketi, tukalitazama suala lenyewe kwa uchungu, tukamvua viatu."

Sikudhani alishika meza. Chande, aliyekuwa akipanga mito, aliiacha yote ikaanguka.

"Sasa nifanye nini?" Sikudhani akauliza. "Niambie, Afande, nifanye nini? Nitafanya lolote!"

Afande Kipande alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Ndicho kilichokuwa kibaya. "Labda wimbo uchukiwe," akasema mwishowe. "Watu wakiuchoka, Wizara itaufuta katika turathi, na sisi tutampa viatu vyake. Lakini sidhani. Mzuri mno." Akachukua mto wake na sahihi yake, akaaga kwa adabu.

Jioni hiyo Sikudhani alimweleza mama yake yote. Bi Hadia alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Ulimtangaza mno mwanangu," akasema.

Hakusema kwa ukali, na hakurudia tena. Lakini Sikudhani aliingia chumbani akalala kifudifudi, akautafuna mto asisikike. Alijichukia. Alizichukia nyuzi, vidole na koo lake, na ule mchana wa stoo waliposikiliza wimbo kwa mara ya kwanza wakapigana vibao vya mgongo kwa furaha.

* * *

Basi wakaanza kazi ambayo hakuna wanamuziki wengine duniani wamewahi kuifanya kwa bidii kama ile: kutafuta kuchukiwa.

Onyesho la kwanza Sikudhani alilegeza nyuzi zote mpaka zikaning'inia. Chande akapiga pasipo mpangilio, akapiga chafya katikati, akaangusha fimbo, akaenda kuitafuta, akakaa huko huko. Ukumbi ukasimama kwa shangwe. Wahakiki wakaandika kwamba Magodoro Mawili wameingia katika kipindi chao cha pili.

Onyesho lililofuata Sikudhani aliipa hadhira mgongo akaimba akielekea ukutani. Hadhira nzima nayo ikageuka ikatazama nyuma, ikasema imeelewa. Onyesho la tatu yeye na Chande wakaimba wimbo wote kwa kukoroma. Mtindo wa kukoroma ukashika mji, na Waziri Bungara alikoroma bungeni, ingawa kuhusu yeye watu hawakuona tofauti. Mwishowe Sikudhani alishusha gitaa, akapiga magoti ukingoni mwa jukwaa.

"Nawaomba, jamani," akasema, machozi yakimtiririka. "Nawaomba kwa miguu yenu. Msiupende wimbo huu. Uchukieni! Mkiupenda mnamuua ndugu yangu!"

Mtu wa mstari wa mbele alilia kwa kwikwi. Wakamtupia maua. Baada ya siku mbili zikatoka fulana zilizoandikwa *MSIUPENDE*, na foleni ya kuzinunua ilizunguka soko.

"Tuache kabisa," Chande akasema. "Tusipige tena. Watasahau."

"Tukiacha sisi watapiga wao. Na hakuna atakayekuwa pale anajua ni mtu."

Chande aliokota ndoo zake. Alikuwa amekonda, maskini, na watoto walimsimamisha njiani awapigie ndoo.

* * *

Mavuno yakafika tena, yaani sikukuu yake. Wizara ikatangaza kwamba mwaka huu hotuba itatanguliwa na wimbo wa Mfaume, utakaoimbwa na taifa zima uwanjani. Na kwa kuwa mwaka uliopita spika zilileta aibu, agizo likatoka juu kwamba safari hii atafutwe fundi bora kuliko wote nchini, asikosee.

Sikudhani hakulijua agizo hilo. Alikuwa nyuma ya jukwaa mchana wa jua kali, anafunga mkanda wa gitaa, uwanja umejaa hadi kwenye miti, bisibisi za plastiki zinapungwa. Akasikia spika zikikwaruza. Kisha sauti, ya chini, iliyochoka, lakini ile ile, ikasema juu ya vichwa vya watu wote:

"Moja, mbili... tatu iko njiani."

Gitaa lilimponyoka. Alimtazama Chande, na Chande alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili.

Alikuwa hapo hapo. Mtu ambaye uwanja mzima ulikuja kumuulizia alikuwa hapo uwanjani, mahali fulani, ameshika waya. Sikudhani akapanda ngazi mbio bila gitaa, akashika kipaza sauti, akapiga kelele kwa nguvu zake zote:

"Mfaume!"

Na uwanja mzima, kwa furaha, kwa sauti moja, ukaitikia: "YUKO WAPI!"

"Nyamazeni! Mfaume!"

"YUKO WAPI!"

"Jamani nyamazeni, yupo hapa, nimemsikia! Mfaume!"

"YUKO WAPI!" Wakapunga bisibisi. Askari wakapunga. Jukwaa kuu likapunga. Mtukufu Kiongozi, machozi tayari, akapunga kwa mkono ule ule wa hotuba.

Hapo sauti ikatoka kwenye spika zote kwa pamoja, karibu sana, kama mtu anayeongea ndani ya sikio. "Dada, nipo. Nipo hapa chini ya jukwaa. Dada, wamenifunga na..."

Spika zikazima.

Sikudhani alishalala kifudifudi kwenye mbao za jukwaa, anachungulia katika ufa, anazikwangua kwa ile bisibisi ya kweli. Katika giza la chini aliona mguu mmoja usio na kiatu, ukiburutwa. Akaita. Akaingiza vidole ufani mpaka damu ikamtoka. Ndipo makofi yakaanza, na nikuambie, wazee wa mji ule wanasema makofi ya namna hiyo hayakuwahi kusikika. Watu walikumbatiana. Waziri Bungara alisimama juu ya kiti akapiga mluzi. "Ubunifu!" akapaza. "Anamjibu! Maendeleo yanatujibu!"

Chande ndiye aliyemwinua, akamshusha ngazi, huku naye analia kwa sauti bila kujali jirani wala shemeji wa jirani.

Walimtafuta Afande Kipande wakampata nyumbani kwake, amekaa chonjo mlangoni, hakuwakaribisha ndani. Redio ilikuwa kimya nyuma yake.

"Sauti ipi?" akasema. "Ile ilikuwa kazi ya Wizara, walirekodi mapema." Sikudhani akamtazama, yeye akatazama vidole vya miguu yake. "Nenda nyumbani, dada yangu. Nakuomba. Usiniulize tena. Mwambie mama... Usimwambie mama chochote."

Akafunga mlango taratibu.

* * *

Mwaka ukazunguka. Wizara iliongeza maneno mapya katika turathi, na watoto wa darasa la tatu wakayakariri, wana sauti nzuri watoto wa nchi ile. Sikudhani angeweza kukataa kwenda. Chande alimsihi akatae. Lakini alikwenda, kwa sababu kulikuwa na jambo moja alitaka kulisikia kabla ya yote, akasimama nyuma ya jukwaa pale pale, kashika gitaa, macho kayafumba.

Spika zikakwaruza.

"Moja, mbili, tatu," ikasema sauti ya mtu.

Sikudhani akasubiri. Akasubiri tena. Akamwendea yule fundi, kijana msafi mwenye tai ya Wizara. "Hakuna kingine?" akamwuliza.

"Kingine kipi, dada?" kijana akashangaa. "Si zinafanya kazi?"

Akapanda jukwaani. Uwanja ulikuwa umejaa kuliko mwaka wa jana. Hakuhitaji hata kuanza, walimwona tu wakaimba wenyewe, *yuko wapi*, na baada ya hapo, kama walivyofundishwa, wote, wanawake na waume, askari, mawaziri na Mtukufu mwenyewe, wakajibu kwa pamoja kwa sauti tamu iliyotetemesha mbao za jukwaa: "Dada, nipo!"

Aliwasikiliza mpaka mwisho, sauti moja baada ya nyingine, zile alizoweza. Kisha akatoa bisibisi mfukoni, akaiweka kwenye nyuzi, akauliza tena.